Eneo Namba Kumi na Nne

“Sijasema ulikata kwa kupenda. Nimesema ulikata.”

“Sauti, mama watoto. Mama yuko hapo nje.”

“Basi nijibu polepole.”

Mume alikung’uta vumbi kwenye kofia yake. Alikuwa ameshavaa sare ya kazi, kofia iko gotini, macho yako kwenye karatasi zilizolala mezani kati ya beseni la nyanya na chupa ya mafuta ya taa. Zilikuwa kurasa thelathini na nane, zimebanwa pembeni kwa pini, bado zinanuka mashine. Binti yao alifanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na ofisi za halmashauri, na asubuhi ile alipewa kazi ya kutoa nakala sitini za ripoti hiyo. Alitoa sitini na moja.

Majirani walimwita mume Mlinzi kwa sababu ya lango la shule ya sekondari alilolilinda usiku, ingawa mchana kutwa alikuwa mkulima kama wao. Mkewe, sokoni, aliitwa Bei Moja. Ukimwuliza bei ya kabichi alikutajia. Ukimwuliza mara ya pili aliendelea kupanga kabichi zake. Mama yake Mlinzi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi na ambaye hati ya shamba ilikuwa na jina lake, alikuwa upande wa pili wa ukuta akipepeta maharage. Masikio ya Bibi yalikuwa mazima kuliko magoti yake, ndiyo maana ugomvi huu ulikuwa ukiendeshwa kwa minong’ono.

Bei Moja alimwambia binti asome tena ukurasa wa ishirini na mbili. Binti alisema ameshausoma mara mbili. Mama yake alimwangalia tu, akasoma.

“Eneo Namba Kumi na Nne. Ardhi ya kilimo iliyo wazi, iliyosafishwa hivi karibuni. Haina ua wa asili mipakani, haina miti mikubwa, haina maji. Mandhari haina sifa ya pekee. Uwezo wa kuhimili ujenzi ni mkubwa. Inapendekezwa kwa makazi, awamu ya kwanza.”

“Na jirani.”

“Mama, tumeshasikia.”

“Baba yako hajasikia vizuri.”

Jirani yao alikuwa Eneo Namba Kumi na Tano, na mwenyewe aliitwa Taratibu. Alikuwa mtu mwema asiye na deni wala adui, ambaye hajawahi kumaliza kupalilia mstari alioanza. Ripoti ilisema shamba lake lina ua mkongwe wenye mimea ya aina nyingi, vichaka vyenye viota vya ndege, na ardhi oevu ndogo yenye thamani. Sifa ya mandhari ni ya juu. Lilindwe.

“Ardhi oevu,” Bei Moja alisema. “Mfereji wake umeziba tangu huyu mtoto akiwa darasa la tatu.”

Binti alicheka, akajutia kicheko chake. Mlinzi alivaa kofia. Alisema yeye alifanya alichoambiwa na mama yake, na kwamba hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyesema hapana. Mkewe alijibu kwamba kweli hakuna, lakini mmoja tu ndiye aliyeshika panga. Mlinzi alisema zamu inaanza saa kumi na mbili, akatoka, akampita mama yake mlangoni na kumwambia abaki salama.

Kosa lenyewe lilikuwa jepesi kueleza na gumu kulaumu. Mwezi mmoja kabla ya hapo ilikuja barua. Ilisema mtathmini wa mandhari atapita kukagua sura na hali ya mashamba yote yaliyotengwa kwa ajili ya mji mpya, ili halmashauri ijue yapi yajengwe na yapi yaachwe. Mlinzi aliisoma kwa sauti. Bibi aliielewa kabla hajafika mwisho. Enzi za ujana wake bwana shamba alipita kwenye kila kaya na daftari. Aliyekutwa na magugu alitozwa faini, aliyekutwa na shamba safi aliitwa mbele ya watu. Bibi aliitwa mara mbili, mara ya pili akiwa na mimba ya Mlinzi. Kwa hiyo barua hii haikuhitaji tafsiri. La mvivu litachukuliwa, la mchapakazi litaachwa. Mwenye akili gani angefikiri vingine?

Walifanya kazi siku tatu. Mlinzi alikata ua wote wa kusini na mashariki, ule alioupanda baba yake, ulionenepa miaka arobaini hadi kuku akiingia humo alitoka na vifaranga. Alijaza udongo kile kibonde cha vyura kilichokuwa kikila robo ya shamba kila masika. Ile miti mitatu mikubwa iliyoinamia barabara waliita mtu wa msumeno wa mashine, akaiangusha kwa asubuhi moja. Bei Moja alibeba matawi kama wengine. Alinung’unika, ni kweli, lakini alinung’unikia siku za soko zilizompita, si ua.

Kwenye mti mmojawapo palikuwa pamepigiliwa tangazo la halmashauri. Mlinzi aliling’oa kwa uangalifu lisichanike, akalipigilia upya kwenye nguzo ya lango, likiwa limenyooka kuliko mwanzo. Hakusoma zaidi ya kichwa chake. Tangazo lilisema kwamba tangu tarehe ile hadi tathmini itakapokamilika, ni marufuku kukata mti au ua wowote.

Siku mtathmini alipokuja, Bibi alivaa gauni lake la harusi za watu. Alimtembeza mgeni mipakani, mkono mgongoni, magoti yakilia. Mtathmini, mwanamke kijana mwenye buti na kamera kifuani, aliuliza kama hapa hapakuwa na ua.

“Ulikuwepo, mwanangu,” Bibi alisema. “Uchafu mtupu. Tumeutoa wote.”

Mtathmini aliandika. Bibi alipoona anaandika sana, alimwonyesha na kibonde.

*

Alhamisi Bei Moja hakwenda sokoni. Alikwenda halmashauri, ripoti ikiwa ndani ya mfuko wa kabichi, kwa sababu hakuwa na mfuko mwingine unaotosha karatasi bila kuzikunja.

Karani wa dirishani alimwuliza ripoti nzima ameitoa wapi, wakati ubaoni yamebandikwa matokeo tu. Alijibu kwamba ameiokota. Karani alimwangalia yeye, akaangalia mfuko, akamwambia mboga haziruhusiwi ndani. Alimweleza kwamba mfuko hauna mboga. Karani akasema unanuka mboga. Basi akauacha nje kando ya ndoo ya majivu, akaingia na karatasi mkononi, akakaa kwenye benchi saa mbili akitazama mlango ambao watu wenye viatu vikavu walikuwa wakiingia bila kugonga.

Mtathmini alimpokea akiwa amesimama, lakini hakumfukuza. Alimkumbuka Bibi. Alisema yule bibi alimpa maji ya kunywa kwenye glasi iliyosuguliwa hadi akaona aibu kuishika. Bei Moja, ambaye hakujua kuzunguka, alimwambia moja kwa moja: tulidhani unakagua usafi.

Mtathmini alikaa chini.

Hakusema pole. Alifungua kompyuta yake, akatafuta kidogo, akaigeuza kioo kimwelekee mgeni. Ilikuwa picha aliyoipiga kutoka barabarani wiki mbili kabla ya kuingia mashambani, alipokuwa akipita tu na gari ili aone mahali pa kuanzia. Bei Moja hakulitambua shamba mara moja. Palikuwa na ukuta wa majani uliopinda kufuata mteremko, na juu yake maua ya zambarau ambayo yeye aliyajua kama kero inayong’ang’ania nguo. Kibonde kilikuwa kimeshika maji, na ndani ya maji kulikuwa na mawingu. Miti mitatu ilikuwa imeinamiana kama watu wanaosikilizana habari. Katikati, mistari ya kabichi. Na kati ya kabichi palikuwa na mtu aliyeinama, kitambaa chekundu kichwani. Mtu huyo alikuwa yeye.

Alikuwa amekaa humo miaka kumi na tisa. Hakuwahi kuona kitu chochote humo isipokuwa kazi.

“Ungeandika nini?” aliuliza.

“Ningeandika kama nilivyoandika kwa jirani yako. Pengine zaidi.”

Mtathmini alimweleza yaliyosalia kwa lugha rahisi, na hakupamba. Picha ya barabarani si tathmini. Sheria inatazama hali ya siku ya ukaguzi. Pingamizi zinapokewa hadi kesho, Ijumaa, saa tisa na nusu. Lakini mwenye ardhi aliyekata ua baada ya tangazo hasikilizwi kabisa, kwa sababu wengine hukata makusudi ili wauze haraka. Mlango uliobaki ni mmoja. Kama ua ulikatwa na mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye ardhi, basi mwenye ardhi anahesabiwa ameharibiwa, na tathmini inaweza kurudiwa kwa kutumia picha za kabla. Mtu huyo lazima atajwe. Atashtakiwa kwenye baraza la halmashauri. Faini, na asiyeweza faini miezi mitatu ndani. Vyovyote vile jina lake linaingia polisi.

Bei Moja aliuliza kama hapo wanashinda.

Mtathmini alisema amewahi kuona mmoja akishinda. Bei Moja aliuliza wako wangapi waliojaribu. Mtathmini alifunga kompyuta, akasema hakuhesabu. Kisha, akiwa ameshasimama, alisema kwamba yeye hakumwambia kitu leo. Bei Moja alimwambia asiwe na wasiwasi, watu wote wa ofisi hii hawajamwambia kitu.

Mfuko wake aliukuta mahali alipouacha. Mtu alikuwa amezima sigara juu yake.

*

Bibi aliambiwa jioni ile, kabla ya kula. Mlinzi alitaka asiambiwe. Alitaka apelekwe tu kesho aweke dole gumba, aambiwe ni karatasi za maji. Mkewe alisema mama si mbuzi wa kuvutwa kamba. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mama mkwe wake magoti kwa magoti, akamweleza: barua haikuwa ya usafi, kile tulichofyeka ndicho walichokuwa wakikitafuta, sasa wanataka kujenga hapa tunapokaa, na fidia ya ardhi tupu inatosha chumba kimoja na nusu huko mjini.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, kama mtu anayengoja kupewa kitu.

“Kwa hiyo Taratibu amenishinda,” alisema.

Hakuna aliyecheka. Aliuliza kama yule binti mwenye kamera alikuwa akimcheka alipokuwa akiandika. Bei Moja alisema hapana, na hilo lilikuwa kweli. Bibi alinyanyuka kwa kushika meza, akaenda dirishani. Hapo zamani dirisha lile lilionyesha ua. Sasa lilionyesha barabara, lori lililobeba mabomba, na mbali kidogo vigingi vyenye utepe mwekundu ambavyo wapimaji walikuwa wameviingiza kwenye shamba la watu wengine. Alisema ua ule ulipopandwa yeye ndiye aliyekuwa akimshikia marehemu mumewe kamba. Kila mche hatua moja. Alisema pia kwamba marehemu aliukata kidogo kila mwaka na hakuwahi kuumaliza, na yeye miaka yote alidhani ni uvivu.

Kisha akauliza kifanyike nini.

Waliposimulia habari ya kutaja mtu, binti alisema yeye hawezi kwa sababu ndiyo kwanza ameajiriwa, halafu akaona haya, akasema kama hakuna mwingine basi atajwe. Mama yake alimwambia ale chakula. Watu waliokata walijulikana. Kulikuwa na mtu wa msumeno, lakini yeye aliitwa na kulipwa, na ana risiti. Kumsingizia Taratibu hakuna ambaye angeamini, maana yule hajawahi kukata hata kucha kwa wakati. Aliyebaki ni aliyeshika panga.

Mlinzi alikuwa akivunja mkate vipande vidogo bila kuvila. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kazi, kwamba shule ile kila Januari inadai cheti cha tabia njema kutoka polisi. Mlinzi mwenye kesi si mlinzi. Mshahara ule ndio uliolipia pampu, ndio uliosomesha binti. Alisema hayo yote na yote yalikuwa kweli. Kisha akasema tutajua hukohuko.

“Huko wapi?” mkewe aliuliza.

“Huko dirishani. Wanaweza wasiulize.”

Bei Moja angeweza kusema hapohapo. Wazo lilikuwa limeshamjia alipokuwa kwenye benchi la halmashauri, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: muuza mboga hadaiwi cheti na mtu. Lakini alikuwa amelifumbia mdomo njia nzima, na sasa alilifumbia tena. Alitaka mumewe alitamke kwanza. Si lazima afanye. Aseme tu, mimi ndiye nilikata, halafu wao wamkatalie, wamwambie fikiria kazi, fikiria nyumba. Alitaka kupata nafasi ya kumkatalia.

Mlinzi alikunja mkate uliobaki ndani ya gazeti, akauweka mfukoni, akaenda kazini.

*

Ijumaa walifika saa saba mchana. Bibi alikuwa na lile gauni la harusi za watu, kwa sababu alisema akivaa jingine watamwona ni mtu mwingine. Mlinzi hakuwa amelala. Mwenzake wa mchana alichelewa kumpokea, akatoka zamu saa sita na kuja moja kwa moja, na sare yake ilikuwa na vumbi la lango. Foleni ilikuwa ya watu kumi na wawili. Karibu wote walikuwa wa mashamba ya jirani, na karibu wote walikuwa wamefyeka. Fundi baiskeli wa njia panda alikuwa amepaka chokaa hadi mawe. Mama mmoja aliyekuja na mkongojo alisema aliwakodi vijana wang’oe vichaka na akawalipa kwa mbuzi. Sasa hana vichaka, hana mbuzi. Watu walicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha chumba cha daktari.

Dirisha lilifungwa saa saba na nusu kwa ajili ya chakula, likafunguliwa saa nane na dakika ishirini. Mbele yao watu tisa walirudishwa. Kila mmoja aliulizwa swali moja, nani alikata, na kila mmoja alijibu kwa uaminifu kama alivyofundishwa: ni mimi, mzee. Karani alisukuma karatasi zao nje ya kioo kwa kidole kimoja. Mama wa mkongojo alimwambia karani kwamba yeye ni mkweli. Karani alimwambia hilo halina fomu.

Saa tisa na dakika kumi ilikuwa zamu yao.

Karani alimtambua Bei Moja, akauliza leo mboga ziko wapi. Bei Moja alisukuma hati ya shamba chini ya kioo. Karani aliichukua, akaisoma mbele na nyuma, akamwangalia Bibi juu ya miwani, akamwamkia shikamoo kama mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akavuta fomu na kuanza kuisoma kwa sauti, maana mwenye ardhi asiyejua kusoma lazima asomewe.

“Mimi, mmiliki wa ardhi iliyotajwa hapo juu, natamka kwamba ua na miti iliyokuwa kwenye mipaka ya shamba langu ilikatwa na,” akapiga kalamu juu ya nukta, “bila idhini yangu na bila mimi kujua.”

“Lakini ni mimi niliyesema ikatwe,” Bibi alisema.

Kalamu ilisimama. Karani alitazama saa ya ukutani, akatazama foleni nyuma yao, iliyokuwa imekwisha isipokuwa mzee mmoja aliyesinzia.

“Mama, sijasikia,” alisema kwa sauti ya chini. “Nikisikia, nafunga faili. Nimeshafunga tisa leo. Nauliza upya. Nani alikata?”

Bibi alifumba mdomo. Aligeuza kichwa, polepole kwa sababu ya shingo, akamtazama mwanawe. Bei Moja naye alimtazama. Wote wawili walimngoja, mama na mke, bega kwa bega kwenye ukingo wa dirisha, na hakuna aliyemsukuma.

Mlinzi alipeleka mkono kwenye mfuko wa kifua, ule wenye kifungo, anamoweka kitambulisho chake. Aligusa kifungo. Alikizungusha hadi mkewe akadhani kimefunguka. Midomo yake ilikuwa mikavu kwa kukosa usingizi. Alikuwa mtu aliyempenda mama yake na hakuwahi kumpiga mkewe, aliyelima mchana na kulinda usiku miaka kumi na mitatu bila kukosa siku, na wakati ule hakuwaza ubaya wowote. Aliwaza Januari. Aliwaza lango, na mkuu wa shule akimwambia samahani mzee.

“Mwanangu,” Bibi alisema.

“Mama, unajua kazi yangu,” Mlinzi alisema. Mkono ulishuka kutoka kifuani. Akaangalia sakafu, palipokuwa na kigae kilichopasuka, akakiangalia kana kwamba ndicho kilichoulizwa.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika kumi na sita. Karani alisema hana siku nzima.

Bei Moja alifungua pochi, akatoa kitambulisho chake, akakipitisha chini ya kioo.

“Andika mimi.”

“Wewe ni nani kwa mwenye shamba?”

“Mkwe wake.”

“Ulikata kwa nini?”

“Andika nilitaka kuni.”

Karani alimwangalia kidogo, si kwa huruma wala kwa dharau, kama mtu anayepima kitu kwa macho. Alimkumbusha kwamba ni baraza, Jumanne saa mbili asubuhi, aje na faini au aje na nguo za kubadilisha. Alimwambia pia kwamba hili haliwapi shamba; linawapa namba ya faili, na majibu baada ya siku tisini, na wapimaji hawatazisubiri siku hizo. Aliuliza kama ameelewa. Bei Moja alisema ameelewa, aandike.

Bibi alinyoosha mkono, akamshika mkwewe kifundo cha mkono, akakishika kwa nguvu ambayo Bei Moja hakujua bado anayo. Hakusema asiandikishe. Karani alisukuma kisahani cha wino, na Bibi akakiachia kile kifundo, akatumbukiza dole gumba, akaligandamiza mahali alipoonyeshwa. Alikaa amelibonyeza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hadi karani akamwambia inatosha, mama.

Nyuma yao Mlinzi alisema jina la kumwita mkewe, lile la nyumbani, mara moja. Mkewe hakugeuka.

Karani alianza kunakili jina kwa herufi kubwa. La kwanza aliliona vizuri, na la pili. La mwisho lilikuwa limechubuka; plastiki ilikuwa imekwanguliwa na sarafu za miaka mingi ya soko. Aliinua kitambulisho kwenye mwanga, akakirudisha, akauliza jina hili la mwisho ni lipi.

Lilikuwa la mumewe. Bei Moja alisogea karibu na tundu la kioo, akamtajia herufi moja moja, bila haraka, kwa sauti yake ya sokoni, hadi ya mwisho. Kisha akachukua kalamu, akaweka sahihi.